Mamako Alikula Mara Mbili

Kuze, Mombasa
Alasiri

Mwanangu Maimuna,

Assalaam alaykum. Hali yako siiulizi, maana nimekuona mchana huu ukilikalia sanduku ili lifunge, na ukakataa nikusaidie. Sasa umetoka kwenda kumuaga shangazi yako, nyumba imenyamaza, ndipo nikatafuta kalamu. Kesho utapanda gari la moshi hadi Nairobi, na kutoka huko uende chuo kikuu kule Eldoret, mji ambao hatuna jamaa hata mmoja. Habari ya blanketi na sweta tumeshaizungumza. Ya kumpigia simu kakako Swaleh kule Malindi tumeizungumza. Ya sala wayajua kuliko mimi. Kuna jambo moja tu ambalo kila nikitaka kukwambia tukiwa tumekaa, ulimi wanigeukia na najikuta naulizia bei ya nazi.

Ulipokuwa kidato cha tatu ulianguka shuleni kwenye paredi ya asubuhi. Walinipigia simu nikafunga duka nikaja. Nalikukuta umekaa kitandani katika kile chumba cha wagonjwa, umeshika kikombe cha chai ya sukari na hunywi. Mwalimu wako akaniuliza jana yake ulikula nini. Sikujua. Akaniuliza juzi yake. Sikujua pia. Tukapanda tuktuk turudi nyumbani, na tulipofika karibu na Ngome ukasema, bila kunitazama, "Baba, sitaki kufa kama mama."

Mimi nikamwambia dereva aende polepole kwa sababu ya mashimo. Hilo ndilo jibu ulilopata kwangu siku ile, na umekaa nalo mpaka leo. Kwa hivyo nitakueleza mamako alikufaje, kwa sababu unalolijua wewe ni nusu tu.

Wewe hukumjua akiwa mwembamba. Picha za harusi umeziona, lakini picha hazikuonyeshi alivyokuwa akipanda ngazi zetu hizi, amebeba kikapu cha sokoni Marikiti mkono mmoja na Swaleh ubavuni, akifika juu bado yuazungumza. Bibi yako, mamangu, alikuwa hai wakati huo, na katika nyumba yake chakula kilikuwa na saa zake. Asubuhi mahamri na mbaazi. Mchana wali na samaki, na nazi hakuna aliyeibania. Ikiingia magharibi tulikaa sote chini, sinia moja katikati, tukala kilichokuwapo, na adhana ya isha ikitoka vyombo vilikuwa vishaoshwa na jiko limezimwa. Baina ya chakula na chakula hukuona mtu akitafuna kitu. Hakuna aliyetupa amri hiyo. Ndivyo nyumba ilivyokuwa tu, na mimi nalidhani nyumba zote ziko hivyo, wala haziharibiki.

Bibi yako alipofariki, na babu akawa hawezi tena kukaa dukani, duka la Ndia Kuu likawa langu. Vinyago, vikapu, masanduku yenye misumari ya shaba, wawajua wateja wa vitu hivyo walivyo: waweza kupita wiki huwaoni, kisha wakaja kundi zima jua la utosi. Nikaingiwa na hofu kuwa siku nitakayofunga mlango kwenda kula ndiyo siku watakayopita. Basi nikaacha kurudi nyumbani mchana. Nilimtuma mtu viazi karai na bhajia, nikala nimesimama nyuma ya meza, na soda, na baada ya muda kidogo nikatuma tena, si kwa njaa, bali kwa sababu duka lilikuwa kimya na mkono ulitaka kazi. Jirani yangu, Mzee Abbas, yule Bohora muuza makufuli, alifunga kila adhuhuri akaenda kula kwa mkewe. Akipita mlangoni kwangu aliniita, twende, kila mtu kwake. Nilimcheka. Niliwaambia watu kwamba mzee yule amechoka na biashara. Na sitakudanganya kwamba kula kwa saa zake kulimponya na kila kitu, maana alikufa kwa saratani akiwa na umri kama wangu wa sasa. Lakini mpaka mwisho mkewe alijua mumewe amekula nini na saa ngapi. Wangu hakujua.

Jioni ndiyo mbaya zaidi. Nikifunga duka sikuja nyumbani. Nilikwenda Mama Ngina, kule kando ya bahari, na wenzangu, tukakaa ukutani tukala mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, mishkaki, kahawa, maneno. Hakukuwa na mwanamke wala jambo la haramu, usije ukadhani nakuficha. Nalipenda mazungumzo tu, na nyumba yenye watoto wawili wadogo wanaolia ilinichosha. Nilirudi saa nne, pengine zaidi.

Mamako alikuwa akiningoja. Alikuwa ameshawalisha na kuwalaza, na chakula changu amekifunika. Akisikia mlango wa chini alikipasha moto. Alitandika, akaniletea maji ya kunawa, kisha akakaa mbele yangu akala pamoja nami. Mwanzoni nilimwambia asijisumbue. Akasema, "Siwezi kukuacha ule peke yako kama mgeni wa gesti." Alilisema kwa mzaha, lakini nikaona limemtoka moyoni, sikulirudia tena.

Maimuna, nalikuwa nimeshiba. Mihogo ilikuwa imenijaa hapa kifuani. Nilikula kwa sababu mtu alikaa na njaa yake akiningoja, na ingekuwa ubaya kukisukuma chakula chake. Nikala wali, nikala mchuzi, akaniongeza, nikapokea. Kisha tukalala na matumbo yetu mazito. Tuliishi hivyo usiku kwa usiku, mpaka wewe ukafika umri wa kwenda chuo cha Kurani na kujifunga mtandio mwenyewe.

Mwili wake ukaanza kupanuka, na kila mtu akafurahi. Wawajua watu wetu. Wanawake walimshika mashavu harusini wakamwambia amenona, mashaallah, mumewe yuamtunza. Nami nikiambiwa hivyo nilitembea kifua mbele. Nguo zake za harusi alimpa binti wa ndugu yake. Alipoanza kuhema kwenye ngazi nikaona ni heshima nimtafutie mtu wa tuktuk awe akimpeleka Marikiti na kumrudisha mpaka mdomo wa uchochoro, asiumie magoti. Matembezi yale ndiyo yaliyokuwa yamebaki. Nikamwondolea, na nikataka shukrani.

Siku moja kichwa kilimuuma hata akashindwa kusimama, tukaenda hospitali. Daktari alikuwa msichana mdogo, mpole, mtu wa bara. Akampima presha, akampima uzito, akaandika. Kisha akamuuliza mamako anakula nini kwa siku. Mamako akamtajia kila kitu cha asubuhi, cha mchana na cha magharibi pamoja na watoto. Yule daktari akauliza, "Na usiku, mama? Baada ya hapo huli tena?"

Mamako aligeuza shingo. Alinitazama mimi. Na mimi, mwanangu, nikaangalia ukuta. Naliona haya daktari yule ajue narudi nyumbani saa ngapi. Ingekuwa sentensi moja tu. Mamako alipoona sisemi, akasema, "Hapana, daktari, usiku sili." Yule binti akaandika hivyo, na dawa na nasaha zote alizotupa zilikuwa za mwanamke mwingine, mwanamke asiyekula usiku.

Nilisikia nini katika lile jibu lake la magharibi pamoja na watoto? Utaniuliza. Nilisikia, lakini sikuelewa. Nalijiambia labda huonja tu, huwamalizia ninyi makombo. Mtu hujiambia analolitaka.

Baada ya hapo akaanza kujinyima. Mwanamke mmoja alimwambia siri ni kutotia kitu mdomoni mpaka jua lizame. Ikawa asubuhi chai ya rangi, mchana maji, magharibi anawapakulia ninyi na kukaa pembeni akiwatazama. Kila siku kama Ramadhani isiyo na thawabu. Kisha nilipokuja usiku, alikula. Si kama zamani. Alikula kwa haraka, haongei, mkono ukienda na kurudi, na siku nyingine alikwangua sufuria. Mimi nikafurahi kwamba amepata hamu. Baada ya miezi kadhaa tukarudi kwa daktari na uzito ulikuwa umezidi. Alilia ndani ya tuktuk. Akasema, "Mwili huu hausikii. Siku nzima sili." Nikamwambia ni maumbile, kwao wote ni wanene. Nikamtukania na ukoo wake juu yake, kana kwamba alilobeba halikutosha.

Alianguka kwa kiharusi juu darini akianika nguo. Hilo walijua, wewe ndiye uliyemkuta. Usilolijua ni la hospitalini. Siku ya tatu ulimi wake ulianza kufunguka kidogo. Nalikaa kando ya kitanda nimeleta mkate na maziwa, na yeye hakutaka. Nikambembeleza, nikamwambia nitakula naye. Akaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe yuacheka kwa upande ule mmoja wa uso uliokuwa ukimtii. Akaniambia polepole, neno moja moja, kwamba miaka yote ile, kabla hajaanza kujinyima, alikuwa ameshakula na watoto.

"Usiku wote ule," akasema, "nalikuwa nimeshiba."

Nikamwambia, "Na mimi."

Hakunielewa mara ya kwanza. Nikamweleza habari ya mihogo na mishkaki. Akanitazama, kisha akacheka tena, na mimi nikacheka, mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini. Ndiyo mara ya mwisho tuliyocheka pamoja. Watu wawili wameshiba, kila mmoja yuamlia mwenzake kwa huruma, na hakuna aliyekuwa na ulimi wa kusema leo basi. Kama angalau mmoja wetu angekuwa na adabu ndogo kidogo, pengine barua hii ungeandikiwa na mamako.

Yaliyofuata wayajua kuliko mimi, kwa sababu ni wewe uliyemlisha uji kwa kijiko ukitoka shule, ukimfuta kidevu. Mimi nalikimbilia dukani. Alipofariki nalikuwa dukani.

Sasa nije kwako. Idd iliyofuata baada ya msiba, shangazi yako alikuja na wanawe. Ulikuwa umejipakulia biriani, sahani ya kawaida ya mtoto mwenye njaa. Akakushika hapa juu ya mkono, akakubinya, akasema, "Huyu naye yuamfuata mamake." Watu wakacheka. Nami nikacheka. Nakumbuka nalikuwa na kipande cha nyama mdomoni. Wewe uliiweka sahani chini taratibu, ukaenda kumsaidia binamu yako kutandika jamvi, na sijakuona ukijipakulia biriani tena tangu siku hiyo.

Nakusihi usimchukie shangazi yako. Yeye husema, kisha husahau. Mimi ndiye niliyekuwa babako pale. Na miezi iliyofuata, ulipoanza kupungua, nikakusifu. Nikakwambia umekuwa kama twiga. Nikawaambia jirani, mtazameni binti yangu alivyojiweza, hana tamaa. Kumbe nilikuwa nakusifu kwa njaa. Asubuhi ulisema utakula shuleni, jioni ukasema umeshakula shuleni, na mimi nikaamini yote mawili, maana yalinipa nafasi ya kwenda zangu Mama Ngina. Mpaka simu ya mwalimu.

Tangu siku ile ya tuktuk sijakaa kwenye ule ukuta tena jioni. Wenzangu walidhani nimegombana nao. Nilifunga duka jua likiwa bado juu ya mapaa, nikaja nikapika, nawe ulivyonicheka wali ulipotoka uji. Nikatafuta sinia la bibi yako, limejaa kutu ukingoni, nikalisugua kwa mchanga. Zile siku za kwanza zilikuwa ngumu kwangu kuliko kwako. Ulikuwa ukiusogeza wali kutoka upande huu kwenda upande ule. Nami nalikuwa nimejiapia sitasema neno "kula". Nalikula changu polepole nikakusimulia upuuzi wa dukani, na nikimaliza tulinyanyua sinia likiwa nusu. Mara nyingi nilikwenda jikoni nikasimama tu nikaangalia bomba la maji.

Kisha jioni moja, ulikuwa mchuzi wa samaki changu, ukanyoosha mkono ukaniomba ndimu. Ndimu tu. Nikakukatia huku nakutazama wewe, nikajikata kidole, ukaniuliza vipi, nikasema kisu kibutu.

Sikuambii umepona. Sijui. Bado nakuona ukipita kwenye kioo cha sebuleni ukijipima mkono kwa vidole, ukidhani nasoma gazeti. Na mimi sijapona. Nimepungua kidogo, koti la Idd limelegea, lakini ule ugonjwa wa sukari uko pale pale na jicho la kushoto limeanza ukungu. Madhara ya miaka mingi hayaondoki kwa kula mapema mwaka mmoja au miwili. Daktari ameniambia hivyo bila kunizungusha, na nashukuru.

Huko uendako hakuna atakayejua umekula au hukula. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, si baridi wala wezi. Utakuwa na vipindi vinavyokaa juu ya saa ya chakula. Utaona wasichana wanaojinyima kutwa nzima kisha usiku wanakula chipsi kwenye mfuko, mmoja kitandani kwake, mwingine kwake, wanaangalia simu, na asubuhi wanajichukia wanaanza upya. Nimeshamwona mtu akiishi hivyo, nalilala naye kitanda kimoja. Sikwambii ule nini. Nakuomba tu umtafute mtu mmoja wa kula naye, kungali mapema, mtu ambaye ukishiba waweza kumwambia umeshiba na asinune, na ukiwa na njaa waweza kumwambia una njaa na asikutazame mikono. Ukimpata huyo, umpe na yeye ruhusa hiyo hiyo. Mimi na mamako tulipendana sana na hatukuwahi kupeana.

Na likikujia lile la kwamba hutaki kuwa kama yeye, nakuomba uligawe mafungu mawili. Kufa kwake, hapo tuko pamoja, nami sitaki. Lakini mwili wake usiuonee haya. Mwili ule ulikuwa na sababu zake, na nyingi kati ya sababu hizo ni mimi.

Sijapata kumwambia mtu hili. Siku tuliyompeleka Kikowani jeneza lilitoka hapa mlangoni na vijana wakapokezana, kama ilivyo desturi, kila mtu hatua chache apate thawabu zake, ampishe mwenziwe. Tulipokaribia makaburini nikamsikia mtu nyuma yangu akimnong'oneza mwenzake kwamba maiti ni mzito. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa amechoka. Watu wakanigusa mgongo mara nyingi nipishe, mimi ni mtu mzima, nimefiwa, nipumzike. Sikumpisha mtu. Bega lilivimba wiki nzima, nikakwambia nimelalia vibaya. Nalitaka niusikie uzito wote, Maimuna, maana ulikuwa wa mtu aliyekesha akiningoja, akajilisha asichokitaka ili mimi nisikae peke yangu mbele ya sahani, nami sikuwahi kuubeba hata siku moja alipokuwa hai.

Nakusikia unasalimiana na jirani huko chini. Nitaitia barua hii kwenye mfuko wa nje wa begi lako la mkononi, uisome ukishafika, usijibu kama huna la kujibu. Kesho jioni nitapakua sahani moja, na nitakula magharibi vile vile. Mungu akutangulie uendako.

Sasa nashuka jikoni. Samaki yuko tayari na mwanga bado upo.

Babako,
Athman